Mkono wa mwanangu uliahirishwa wakati wa korona. Je, ulihesabiwa urembo?

Swali: Daktari, Februari 2020 mwanangu, wakati huo ana miaka miwili, alishika jiko la makaa. Kiganja na vidole vya mkono wa kulia viliungua. Tukapangiwa upasuaji Mombasa katikati ya Aprili. Ukaahirishwa kwa sababu ya korona, ukaahirishwa tena, mwishowe akapasuliwa mwishoni mwa 2021. Kidole cha pete na cha mwisho havijanyooka mpaka leo, na sasa yuko shule, kalamu inamsumbua. Redioni nilisikia kwamba upasuaji uliosimamishwa ni ule wa urembo. Mkono wa mtoto ni urembo? Na ugonjwa mwingine ukiingia, tutarudishwa nyumbani tena? – Mama, Voi.

Jibu: Mama, pole sana, wewe na kijana wako. Mkono wake haukuwa urembo, na daktari yeyote wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyeuona angekwambia hivyo. Uliwekwa fungu la kusubiri kwa sababu mwaka ule karibu dunia nzima ilitumia kipimo kimoja: mgonjwa huyu akiambiwa arudi baada ya miezi mitatu, je, atakufa au atakatwa kiungo? Kwa mwanao jibu lilikuwa hapana, basi jina lake likashuka chini pamoja na wanaotaka kupunguzwa tumbo. Kipimo hicho hakikuuliza kama mtoto atapoteza matumizi ya vidole viwili vya mkono anaoandikia.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kusimamisha upasuaji Machi 2020 ulikuwa uamuzi wa haki. Makosa yalikuja baada ya hapo. Wagonjwa waliahirishwa bila kuandikiwa tarehe ya mwisho ambayo haifai kuvukwa. Tena, thieta, yaani vyumba vya upasuaji, zilipofungwa, kliniki za bendeji, za magango (vifaa vya kushikilia kiungo kikae kimenyooka) na za mazoezi ya viungo nazo zikafungwa au zikapunguzwa, ilhali hizo hazitaki mashine ya kupumulia wala kitanda. Ukiniuliza ni kipi kilichokunja vidole vya mwanao, kuchelewa kwa kisu ni sehemu tu. Miezi ile ya kwanza bila gango na bila mazoezi ilifanya kazi kubwa zaidi.

Turudi nyuma kidogo uone kwa nini milango ilifungwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na siku mbili baadaye Kenya ikapata mgonjwa wake wa kwanza. Hospitali zilikuwa zinatazama Italia, ambako wagonjwa walikuwa wamejaa hadi kwenye korido. Mashine inayomlaza mgonjwa usingizi thieta ndiyo inayoweza kumpumulia mtu ambaye mapafu yamemshinda, na kwa hospitali nyingi za kwetu hiyo ndiyo akiba pekee iliyokuwepo. Ukiitumia kunyoosha vidole vya mtoto saa nne asubuhi, huwezi kuitumia kwa mzee anayekata roho saa nne hiyohiyo. Vyumba vya kuamkia baada ya upasuaji navyo viligeuzwa wodi za mahututi. Vifaa vya kujikinga vilikuwa haba: mwanzoni mwa Machi shirika hilohilo lilikadiria kwamba kupambana na ugonjwa kungehitaji barakoa za hospitali milioni 89 kila mwezi, na viwanda havikuwa na uwezo huo.

Kulikuwa pia na hofu kwa mgonjwa mwenyewe, na haikuwa hofu ya bure. Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha hesabu ya wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24 waliofanyiwa upasuaji na kugunduliwa wana virusi siku chache kabla au ndani ya mwezi mmoja baada yake. Asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu. Takwimu hiyo ilitutisha sote. Lazima niongeze kwamba karibu robo tatu yao walikuwa wamepasuliwa kwa dharura, na sehemu kubwa walikuwa watu wazima. Mtoto mzima wa afya, mwenye kovu mkononi, hakuwa kwenye hatari ya kiasi hicho. Lakini Aprili 2020 hakuna aliyekuwa na hakika hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Benki zetu za damu hutegemea mno wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa katikati ya Machi, wachangiaji nao wakaondoka. Kuondoa ngozi iliyoungua na kupandikiza nyingine kwa mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hupoteza damu nyingi, na daktari hawezi kuanza kazi hiyo huku jokofu la damu liko tupu. Kwa hiyo hata majeraha mabichi ya moto, ambayo hakuna aliyeyaita ya kusubiri, yaliguswa na amri iliyotolewa kwa ajili ya madarasa.

Kwako wewe kulikuwa na ukuta wa ziada. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 8 Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, hadi tarehe 7 Julai. Voi iko Taita Taveta. Hata kama hospitali ingekuwa inakusubiri na thieta iko tayari, ungefika Mombasa kwa gari gani, ukarudi saa ngapi, ukiwa na mtoto wa miaka miwili aliyetoka kwenye dawa ya usingizi? Uganda hali ilikuwa ngumu kuliko hapo, maana matatu na bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, na mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili apande gari. Tanzania haikufunga miji yake, lakini huko nako ndege za kimataifa zilisimama kwa wiki kadhaa.

Ndege hizo zina uzito katika fani yetu kuliko unavyoweza kudhani. Upasuaji wa kurekebisha maumbile Afrika Mashariki umezoea kupanda ndege tangu mwanzo. AMREF, inayojulikana na kila mtu kwa madaktari wake wa angani, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wa fani hiyohiyo. McIndoe alikuwa amepata sifa kule East Grinstead, Uingereza, kwa kuwatengeneza upya nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliona kwamba mtoto wa mbali aliyekunjwa na makovu hatafika Nairobi, basi daktari amfuate. Mpango huo wa daktari mgeni kuja kambini wiki moja, kupasua watoto wengi na kuondoka, umesaidia watu wengi mno. Mwaka 2020 ukakatika kwa siku moja. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi na kuzirudisha tarehe 1 Agosti. Meli ya hospitali Africa Mercy, iliyokuwa imetia nanga Dakar, Senegali, nayo iling'oa nanga Machi hiyo kabla ya muda wake kwisha. Kwa maoni yangu hilo ndilo funzo kubwa la miezi ile: pale palipokuwa na daktari mwenyeji aliyefunzwa, wagonjwa waliendelea kuhudumiwa angalau kidogo kidogo. Pale palipotegemea kambi, hapakubaki hata mtu wa kufungua bendeji.

Usidhani tabu hii ilikuwa ya kwetu peke yetu. Watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha vurugu hizo, upasuaji wapatao milioni 28.4 duniani uliahirishwa au kufutwa. Uingereza, wakuu wa huduma ya afya waliandikia hospitali tarehe 17 Machi 2020 waahirishe upasuaji wote usio wa haraka, kuanzia katikati ya Aprili kwa kuchelewa kabisa, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mwaka mmoja baadaye, katika England peke yake, watu zaidi ya 430,000 walikuwa wamesubiri matibabu kwa zaidi ya mwaka mzima, ilhali kabla ya janga walikuwa elfu chache tu.

Ila wenzetu hao walifanya jambo moja ambalo natamani lingefanywa kila mahali. Waligawa upasuaji wote kwa muda: wa ndani ya saa 24, wa ndani ya saa 72, wa ndani ya mwezi mmoja, wa ndani ya miezi mitatu, na unaoweza kupita miezi mitatu. Aliyeungua upya, aliyekatika kidole, aliyevunjika mguu na mfupa ukatokeza nje, hao walihudumiwa. Saratani za ngozi zilipangwa kwa ukali wake. Mgawanyo wa namna hiyo hauongezi kitanda hata kimoja, lakini unamlazimisha daktari aandike kwenye faili la mtoto wako: huyu mwisho wake ni Julai. Faili likiwa halina tarehe, mtoto husubiri hadi mama yake achoke kupiga simu.

Na muda una maana tofauti kwa kila mgonjwa, hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Chukua mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani, anayetaka atengenezewe jingine. Kusubiri kunamuumiza moyo, nami silichukulii jambo hilo kwa wepesi, lakini titi linaweza kutengenezwa baada ya mwaka, hata baada ya miaka mitano, na matokeo yakawa mazuri. Mwili haujamfungia mlango. Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Mdomo wa juu, kama nao umepasuka, kwa kawaida tunauziba akiwa na miezi mitatu hivi. Kaakaa linatakiwa lizibwe kabla hajaanza kusema vizuri, maana akijifunza kusema huku hewa inavujia puani, sauti hiyo hukaa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023 lililinganisha watoto waliozibwa kaakaa wakiwa na miezi 6 na wale wa miezi 12, na wale wa mapema ndio waliokuwa na uwezo mzuri zaidi wa kuzuia hewa isipite puani walipofika miaka mitano. Tofauti ya miezi sita tu, na inasikika miaka mitano baadaye. Mtoto wa namna hiyo aliyezaliwa mwishoni mwa 2019 alikuwa na dirisha lake, nalo lilifunguka na kufungwa wakati sisi tumekaa ndani.

Au mtu mwenye ualbino, pale Moshi au Shinyanga, ambaye ngozi yake haina kinga dhidi ya jua. Saratani humwanzia hasa kichwani, usoni na shingoni. Kidonda kidogo sikioni huondolewa kwa ganzi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kiache mwaka, unaondoa sikio zima na kupandikiza ngozi kutoka pajani, kama hakijaingia kwenye mfupa au tezi za shingo. Watu hawa hutegemea kliniki zinazowafuata vijijini mara kwa mara, kama zile za kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Huduma ya namna hiyo ikikatika, mgonjwa hapati maumivu ya kumpigia kelele. Kidonda kinakua kimya.

Mkono wa mwanao uko katika kundi hili la pili, la wasioweza kungoja. Kovu bichi la moto hukaza kwa nguvu zaidi miezi ya mwanzo, na huendelea kubadilika kwa mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Hukusanya ngozi kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa. Kwa mtu mzima hilo ni tatizo la ngozi. Kwa mtoto kuna jingine juu yake: mifupa inarefuka na kovu halirefuki kwa kasi hiyo, kwa hiyo kila anapokua kidole kinavutwa zaidi ndani. Baada ya muda vifuko vinavyozunguka viungo, pamoja na kano, hufupika navyo. Daktari akifika mwishoni mwa 2021, hakuti tena kovu peke yake. Anaweza kulikata, akapandikiza ngozi mpya, na kidole kikakataa kunyooka kwa sababu kiungo chenyewe kimeshazoea kukunjika. Naamini hicho ndicho alichokikuta daktari wako.

Sasa, je, angeweza kusaidiwa katikati ya 2020 bila mashine ya usingizi? Kuna upasuaji wa mkono unaofanyika kwa ganzi tupu. Daktari Donald Lalonde wa Saint John, Kanada, ameueneza kwa miaka mingi: dawa ya ganzi ya lidokeini huchanganywa na adrenalini inayopunguza damu, mkono haufungwi mpira wa kubana, mgonjwa yuko macho anaongea. Wakati wa korona njia hiyo iliokoa kliniki nyingi za mikono, kwani mgonjwa hakuhitaji usingizi wala kulazwa. Madaktari walitumia pia nyuzi zinazoyeyuka zenyewe ili mgonjwa asirudi kutolewa nyuzi, na vidonda vikakaguliwa kwa picha za simu. Lakini mtoto wa miaka miwili hatatulia akiwa macho ili akatwe kiganja. Kwake usingizi ulikuwa wa lazima, na hilo lazima nilikubali. Kilichowezekana ni kumpa gango la kunyoosha vidole alale nalo kila usiku, kukufundisha wewe kumkanda kovu kwa mafuta na kumnyoosha vidole mara kadhaa kwa siku, na mtu wa tiba ya viungo kukupigia simu ya video kila baada ya wiki mbili. Hilo lingeweza kufanyika hata Voi kukiwa na kafyu. Kovu lisingeisha, lakini upasuaji wa 2021 ungekuta viungo vilivyo laini.

Tuje kwenye leo. Usikubali kuambiwa kwamba muda umepita. Mtoto wa umri wake bado ana mengi ya kufaidi. Mpeleke kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile au bingwa wa mikono, na uombe apigwe picha ya eksirei ya mkono ili ijulikane kama kiungo kimeharibika au ni ngozi na kano tu. Kama ni ngozi, kovu hufunguliwa na kuwekwa ngozi nyingine, ama ngozi ya jirani huzungushwa ikaziba pengo. Kama kiungo kimekaza, huenda akahitaji kuwekwa waya mwembamba wa kushikilia kidole kwa wiki kadhaa, na pengine upasuaji zaidi ya mmoja kadiri anavyokua. Huenda kidole cha mwisho kisinyooke kabisa. Lengo letu ni ashike kalamu, afunge vifungo, abebe ndoo. Kabla hujaweka sahihi, uliza nani atamtengenezea gango na nani atamfanyisha mazoezi baada ya upasuaji. Wakikujibu kwamba hilo litajulikana baadaye, tafuta kwingine kama unaweza, maana upasuaji huu ukikosa miezi ya gango kovu hurudi palepale.

Jambo moja la kuangalia maisha yake yote: kidonda kikitokea juu ya kovu na kisipone kwa wiki nyingi, kionekane na daktari na kikatwe kipande cha kupimwa. Makovu ya zamani ya moto, mara chache, hugeuka saratani miaka mingi baadaye. Si jambo la kukukosesha usingizi leo, ila kijana alijue hata akiwa mtu mzima.

Kuhusu ugonjwa mwingine, sitakudanganya kwamba hautakuja. Septemba 2024 Rwanda ilipata ugonjwa wa virusi vya Marburg, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Hospitali ikiingiwa na ugonjwa wa namna hiyo hupunguza kazi zake tena, na inafaa ifanye hivyo. Ikitokea, usiondoke na neno "mtapigiwa simu". Mwambie daktari akuandikie kwenye kadi mambo mawili: tarehe ambayo mtoto asivuke bila kupasuliwa, na dalili ambazo ukiziona humngojei mtu bali unamrudisha mara moja. Omba barua ya safari yenye muhuri wa hospitali, kwani kizuizini askari ataheshimu karatasi kuliko maelezo ya mdomo. Omba gango siku hiyohiyo, hata la kibao na bendeji, na umpige picha mkono kila Jumapili mahali pamoja, vidole vimenyooshwa kadiri vinavyokubali. Picha tatu zinazoonyesha kidole kinazidi kukunjika zitamtoa mtoto kwenye fungu la kusubiri upesi kuliko simu kumi.

Ukienda safari hii beba kadi ya 2020, barua zote mbili za kuahirishwa na ripoti ya upasuaji wa 2021. Kama ripoti hiyo huna, hospitali iliyompasua inapaswa kukupa nakala ukiiomba. Daktari mpya atahitaji kujua ngozi ilichukuliwa wapi na nini kilikatwa.